Kasri la Lord Egerton: Jumba lililojengwa miaka 16, likakaliwa minne

MSAFIRI atokaye Londiani kuelekea Nakuru kupitia Mau Summit, akikaribia mji huo hufika eneo la Ngata, karibu na Njoro. Hapo, katikati ya mashamba, limesimama jumba la mawe linaloweza kudhaniwa kuwa limeng'olewa Uingereza likapandikizwa Bonde la Ufa. Hilo ni Kasri la Lord Egerton.

Mwenyewe alikuwa Maurice Egerton, aliyezaliwa mwaka 1874. Ukoo wake ulimiliki Tatton Park, jumba na mashamba katika jimbo la Cheshire, tangu mwaka 1598. Ujanani alipenda magari na ndege, akawa miongoni mwa Waingereza wa kwanza kupata cheti cha urubani, mwaka 1910. Baba yake alipofariki mwaka 1920, Maurice alirithi mali yote pamoja na cheo cha Baron wa nne wa Tatton.

Nyanda alizokuja kuishi zilikuwa zimekwisha kutengewa walowezi wa Kizungu. Wamaasai walihamishwa kutoka maeneo ya Nakuru na Naivasha kufuatia mkataba wa mwaka 1904. Reli ya Uganda nayo, iliyofika Kisumu mwaka 1901, ilipitia Njoro, Molo na Londiani. Kabla reli haijafika Eldoret mwaka 1924, Londiani ndiko waliposhukia walowezi wa Uasin Gishu, wakaendelea kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Bila reli hiyo, ni vigumu kufikiri jinsi marumaru na samani za ng'ambo zingalivyofika Njoro.

Ujenzi wa kasri ulianza mwaka 1938, ukakwama wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na kukamilika mwaka 1954. Lina vyumba zaidi ya 50, ukiwamo ukumbi mkubwa wa dansi wenye kinanda cha mabomba. Wengi husema ni nakala ya Tatton Park, ingawa kwa umbo kasri hili ni dogo zaidi na halifanani sana na jumba lile la Cheshire.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha mapenzi. Inasemekana kwamba Lord huyo alimchumbia mwanamke kutoka Ulaya, naye alipooneshwa nyumba ya awali akaidharau na kuifananisha na kibanda cha kuku. Akaamua kumjengea kasri, lakini mwanamke akaolewa na mwingine. Tangu hapo, husimuliwa, aliwapiga marufuku wanawake wasikanyage kwake. Ukweli wa kisa hicho haujathibitishwa, na ifahamike kwamba ujenzi ulipoanza bwana huyo alikuwa na umri wa yapata miaka 64. Lililo hakika ni kwamba hakuoa wala hakuacha mtoto. Masimulizi hayo, kwa bahati mbaya, humtaja sana mwenye nyumba na kuwasahau waashi waliochonga mawe yake.

Kazi yake iliyodumu zaidi si jumba. Mwaka 1939 alianzisha Njoro shule ya kilimo, akaitolea ardhi ya ekari 740. Shule hiyo ilikuwa ya vijana wa Kizungu peke yao, na Waafrika waliolima mashamba jirani hawakuwa na nafasi humo hadi mwaka 1961, chuo kilipofunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mwaka 1987 kilipewa hadhi kamili kwa sheria ya Bunge, kikawa Chuo Kikuu cha Egerton.

Lord Egerton alifariki Januari 1958, baada ya kulikalia kasri lake kwa takriban miaka minne tu. Kwa kuwa hakuwa na mrithi, cheo cha Baron kilikoma naye. Tatton Park ilikabidhiwa shirika la kuhifadhi turathi la Uingereza, na humo bado umo ukumbi alioujaza vichwa na pembe za wanyama aliowawinda Afrika na kwingineko.

Kasri la Njoro lilitangazwa turathi ya taifa mwaka 1996 na liko chini ya chuo kikuu chenye jina la mwenyewe. Wageni huingia kwa kulipa kiingilio. Bustani zake hukodishwa kwa sherehe za arusi, na mabibi arusi hupigwa picha mbele ya mlango ambao, kwa mujibu wa masimulizi, mwanamke hakuruhusiwa kuukaribia.