Jina Lililofungiwa Kabatini: Wasia wa Reichenbach na Uainishaji wa Okidi

Heinrich Gustav Reichenbach alipofariki mjini Hamburg mwezi Mei 1889, aliacha mkusanyiko mkubwa mno wa okidi zilizokaushwa, na aliacha wasia. Mkusanyiko ulikwenda Vienna, kwenye makumbusho ya kifalme, kwa sharti kwamba okidi zake zifungwe na zisichunguzwe na mtu yeyote kwa miaka 25. Sharti lilitekelezwa hadi 1914. Wanaosimulia historia ya botania hulichukulia tukio hili kuwa kisa cha kinyongo: bingwa aliyezeeka alichukizwa kumwona Robert Allen Rolfe wa Bustani ya Kew akikisogelea kiti chake, akaamua kuwakomoa wote. Huenda kinyongo kilikuwepo, lakini maelezo hayo yanamtwisha mtu mmoja mzigo uliokuwa wa taaluma nzima. Ninavyoona mimi, wasia ule ulikamilisha tu namna Reichenbach alivyofanya kazi maisha yake yote, tena kwa ridhaa ya wenzake. Katika zama zake jina la okidi lilipokelewa kwa sababu ya aliyelitoa, na nafasi ya mtu wa pili kulikagua ilikuwa ni fadhila. Kanuni za leo zimepunguza kasoro hiyo bila kuiondoa, na sisi wa Afrika Mashariki bado tunailipia.

Tuanze na kazi yenyewe, maana ilikuwa kubwa. Reichenbach alizaliwa Dresden, mtoto wa mtaalamu wa mimea aliyejulikana kote Ujerumani. Tasnifu yake ya 1852 ilihusu chavua ya okidi, jinsi inavyofanyika na jinsi ilivyoundwa, na uchaguzi huo wa mada ulionyesha jicho la mbali, kwa kuwa ni katika chavua na viungo vinavyoibeba ndipo tofauti nyingi za jenasi za okidi zinapojificha. Mwaka 1863 alikabidhiwa bustani ya mimea ya Hamburg. Miaka miwili baadaye alifariki John Lindley, Mwingereza aliyeweka msingi wa uainishaji wa okidi kwa kitabu kilichotoka sehemu kwa sehemu kati ya 1830 na 1840, na tangu hapo Reichenbach akawa hakimu asiye na mwenzake. Wafanyabiashara wa maua wa Uingereza, akina Veitch na Sander, walimpelekea kila kilichochanua katika vibanda vyao vya vioo. Naye alijibu kwa majina, mengi yakichapishwa katika gazeti la wakulima wa bustani, Gardeners' Chronicle, kwa maelezo mafupi na mara nyingi bila mchoro. Sander alimshukuru kwa kulipa jina la Reichenbachia lile chapisho lake la picha lililoanza kutoka mwaka 1886.

Uhusiano huo na wafanyabiashara ndio ufunguo wa kumwelewa. Mfanyabiashara alihitaji jina haraka, kwa sababu okidi yenye jina jipya iliuzwa ghali mnadani. Alihitaji pia siri, kwa sababu mshindani akijua mmea umetoka bonde gani angetuma watu wake wakaung'oe wote. Basi ua lilifika Hamburg likiwa limekatwa kwenye mmea wa kibandani, bila mahali pa kueleweka lilipotoka, au pakiwa pametajwa uongo kwa makusudi. Spishi ikasimama juu ya ua moja, aya moja ya Kilatini na sahihi ya profesa. Hakuna aliyelazimishwa kukubali utaratibu huo. Uliwafaa wote waliohusika, na Reichenbach alikuwa mwaminifu kwa kiwango chake, kwani karatasi zake zimejaa michoro ya viungo vya maua aliyoichora mwenyewe. Ila michoro hiyo ilikuwa kabatini kwake, na kilichotoka nje kilikuwa jina.

Kwa nini kabati lina uzito kiasi hicho? Jina la mmea limefungwa kwenye sampuli, ile ambayo wataalamu huiita sampuli kielelezo. Maelezo yakipingana na sampuli, sampuli ndiyo husikilizwa. Na kwa okidi, kuitazama sampuli kwa macho tu hakutoshi. Ua kavu hulainishwa kwanza kwa maji ya moto, kisha hupasuliwa chini ya lenzi ili kuona nguzo iliyo katikati, mahali ambapo viungo vya kiume na vya kike vimeungana kuwa kitu kimoja. Ncha ya nguzo hubeba vibonge vya chavua, na mpimaji huuliza: vibonge ni vingapi, vimeshikwa na vijiti vya umbo gani, na vijiti hivyo vinaishia kwenye kibandiko kimoja chenye gundi au viwili? Mambo haya, mengine yakiwa madogo kuliko punje ya ulezi, ndiyo yanayoamua mmea uwekwe kwenye jenasi gani. Ua likishapasuliwa haliwezi kurudishwa kama lilivyokuwa. Karatasi yenye maua mawili inaweza kuwajibu wachunguzi wawili, na wa tatu atategemea vipande vilivyobaki ndani ya bahasha ndogo iliyobandikwa pembeni. Kwa hiyo hofu aliyoitaja Reichenbach katika wasia wake, kwamba wimbi la mapenzi ya okidi lingeuharibu mkusanyiko, haikuwa kisingizio kitupu.

Madhara ya kufunga yalifika hadi kwetu. Sehemu ya okidi katika kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika ya kitropiki, Flora of Tropical Africa, iliandikwa na Rolfe mwenyewe na kutoka mwaka 1897 na 1898, katikati kabisa ya miaka ile ya kufuli. Okidi nyingi za Afrika zilikuwa zimepewa majina na Reichenbach. Yeye ndiye aliyeanzisha jenasi ya Aerangis mwaka 1865, yenye maua meupe ya mrija mrefu wa nekta, ambayo leo tunayakuta kwenye miti ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka mmoja kabla ya hapo aliipa okidi nyingine ya kundi hilo jina la Angraecum kotschyanum, kwa heshima ya Kotschy, msafiri wa Austria. Rolfe aliweza kusoma maneno ya Reichenbach na kuchunguza sampuli nyingine zilizoko London. Kilichokuwa Vienna hakuweza kukiona. Ilibidi kusubiri hadi 1918 ndipo Rudolf Schlechter wa Berlin alipozipanga upya okidi za Afrika za kundi la Angraecum, akaihamishia spishi ile kwenye jenasi aliyoianzisha Reichenbach mwenyewe, na ndivyo tunavyoiita leo: Aerangis kotschyana. Sidai kwamba kufuli la Vienna peke yake ndilo lililochelewesha mpangilio huo. Ninachodai ni kwamba kizazi kizima cha wataalamu kilitakiwa kukubali au kukataa majina kadhaa ya Reichenbach bila kuuona ushahidi wake, na anayekubali au kukataa kwa namna hiyo anafuata imani tu, hata akiandika kwa Kilatini.

Hapa mpinzani makini ana jibu zuri, nalo limo katika historia ya Schlechter huyohuyo. Mkusanyiko wa Berlin ulikuwa kinyume cha ule wa Reichenbach: ulifunguliwa, ukatumika, na ukapokea okidi kutoka kila koloni la Ujerumani, zikiwemo za Usambara na nyanda za juu za Tanzania ya leo. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliunguza hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya Dahlem mjini Berlin, na okidi za Schlechter zikateketea. Karatasi za Reichenbach zipo Vienna hadi leo. Je, si dhahiri kwamba aliyefunga alihifadhi na aliyefungua alipoteza? Hoja hii ina mvuto, lakini inachanganya mambo mawili. Kufuli la Reichenbach lilikwisha 1914; kilichoziokoa okidi zake katika vita vya pili hakikuwa wasia, kwa kuwa wasia ulikuwa umekwisha nguvu miongo mitatu kabla, na hebaria ya Vienna yenyewe ilipoteza mikusanyiko mingine katika vita hivyo. La pili lina uzito zaidi. Majina ya Schlechter yanayosimama imara leo ni hasa yale ambayo mkusanyaji alikuwa amegawa nakala, yaani matawi ya mkusanyo uleule, kwenye hebaria nyingine. Nakala hizo zimeteuliwa kushika nafasi ya zilizoungua. Pasipokuwa na nakala imebaki michoro, na pasipokuwa na mchoro limebaki bishano. Moto wa Berlin basi unatufundisha ubaya wa kuweka ushahidi mahali pamoja, na hilo ndilo kosa alilolifanya Reichenbach kwa hiari.

Pingamizi la pili ni la kisasa: uainishaji wa vinasaba umezifanya karatasi kavu kuwa kumbukumbu za makumbusho. Kweli vinasaba vimepangua jenasi nyingi, na katika familia yenye spishi zaidi ya 25,000 hakuna anayetamani kurudi kwenye lenzi peke yake. Lakini mfuatano wa vinasaba haujui jina lake. Tazama biashara ya chikanda. Viazi vya okidi za ardhini, hasa za jenasi za Disa, Satyrium na Habenaria, huchimbwa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania na kuvushwa kwenda Zambia, ambako husagwa, huchanganywa na unga wa karanga na pilipili, hupikwa hadi vikashikana, kisha hukatwa vipande kama keki. Utafiti wa Davenport na Ndangalasi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 kutoka Tanzania huliwa Zambia kwa mwaka, na kwamba spishi zinazofikia 85 zilikuwa hatarini. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa 2005, na okidi zake ni sehemu kubwa ya sababu. Sasa, ofisa wa mpakani anayefungua gunia la viazi hana ua wala jani la kutazama. Vinasaba vinaweza kumsaidia, kwa sharti kwamba mahali fulani kuna orodha ya mifuatano iliyochukuliwa kwenye mimea ambayo majina yake yamethibitishwa. Uthibitisho huo unarudi kwenye sampuli, na sampuli inarudi kwenye sampuli kielelezo. Jina likikosewa mwanzoni mwa mnyororo, mashine italirudia kosa hilo kwa uhakika wa kutisha, na kesi itakayofika mahakamani itasimama juu ya hewa.

Lipo pingamizi la tatu, na hili ndilo linalonipa shida zaidi. Uwazi unawanufaisha wezi. Okidi zote zimo katika viambatisho vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa sababu zinaibwa, na historia ya Phragmipedium kovachii ya Peru inaonyesha botania yenyewe inavyoweza kuchafuka. Mmea huo wenye ua kubwa la zambarau ulipelekwa Florida mwaka 2002 bila vibali, ukaelezwa na kuchapishwa upesi na Bustani ya Selby ili kuwatangulia wengine waliokuwa wakiandaa maelezo yao, na bustani hiyo ikaishia kukiri kosa mahakamani. Jina halikufutwa, kwa sababu kanuni za majina hutazama nani alitangulia, hazitazami vibali. Majangili nao walikimbilia porini mara tu habari ilipoenea. Nakubali kwamba mahali okidi adimu inapoota panaweza kufichwa, na hebaria nyingi sasa huzuia taarifa hizo zisisomwe na kila mtu. Lakini kuficha mahali na kuficha sampuli ni mambo mawili. Wafanyabiashara wa zama za Reichenbach walificha mahali kwa faida yao, naye akawaongezea ukuta wa pili kwa kuifungia sampuli. Mlinzi wa leo anaweza kuufuta mstari wa kijiji kwenye lebo na bado akamruhusu mtafiti alipasue ua.

Kanuni za kimataifa za majina ya mimea zimesogea polepole kuelekea huko. Jina lililochapishwa kuanzia 1958 halikubaliki bila kutaja sampuli kielelezo; kuanzia 1990 ni lazima pia kutaja hebaria inakohifadhiwa. Kuhusu kuiweka sampuli hiyo mahali ambapo watafiti wanaruhusiwa kuifikia, kanuni zinatoa pendekezo tu, tena kwa maneno ya msisitizo lakini bila adhabu. Kwa maneno mengine, Reichenbach mpya anaweza leo kutaja kabati lake kwa usahihi kamili, akalifunga, na majina yake yakabaki halali. Hilo ni pengo ninaloona lizibwe na majarida bila kusubiri mikutano ya kimataifa: mhariri akatae spishi mpya ya okidi ambayo sampuli yake haifikiki, au ambayo haina nakala katika nchi inakoota, ikiwa na maua kadhaa yaliyohifadhiwa ndani ya spiriti kwa ajili ya wapasuaji wajao.

Nitaulizwa kama hebaria zetu zina uwezo wa kuzitunza nakala hizo. Hebaria ya Afrika Mashariki iliyohamishwa Amani kwenda Nairobi mwaka 1950 imezitunza sampuli kwa miongo kadhaa, na bila hiyo ule mradi mkubwa wa Flora of Tropical East Africa, uliokamilika 2012 baada ya zaidi ya nusu karne, ungekosa mguu mmoja. Upungufu wa fedha ni wa kweli. Lakini gharama ya chupa ya spiriti na kabati lisiloingia wadudu haifiki nauli ya mtafiti mmoja kwenda Ulaya. Sehemu za okidi za kazi hiyo ziliandikwa na Summerhayes na baadaye Cribb, wote wa Kew, na hakuna wa kuwalaumu, kwa sababu ndiko ziliko nyingi kati ya sampuli kielelezo zilizobaki za okidi zetu. Picha za kidijitali zimerahisisha mengi, na mwanafunzi wa Dar es Salaam anaweza sasa kuitazama karatasi ya 1890 kwenye simu yake. Akitaka kujua kama vibonge vya chavua vimeshikwa na kibandiko kimoja au viwili, itambidi bado aandike barua ya kuomba ruhusa.