Jinsi Matabibu Walivyopata Kuona Ndani ya Jicho



Mtu aumwaye jino hujua mwenyewe ni jino gani. Avunjikaye mguu, hata jirani zake humwona. Lakini yako magonjwa ya macho yasiyouma wala kuwasha, na jicho likitazamwa kwa nje huonekana zima, kumbe kwa ndani linakufa. Kwa karne nyingi matabibu hawakuweza kuyajua magonjwa hayo, kwa maana mlango wa jicho, yaani mboni, ni mweusi. Maongezi yetu ya leo ni habari ya jinsi giza lile lilivyoondolewa, na faida yake kwetu tuendapo kupimwa macho.

Watu wa kale hawakuwa wajinga. Huko Bara Hindi walijua tangu zamani kuusukuma kando kwa sindano mtoto wa jicho. Mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra akafanya kazi Kairo yapata miaka 1,000 iliyopita, alieleza kuwa twaona kwa sababu nuru yatoka katika vitu na kuingia machoni. Miwani nayo ilianza kutengenezwa Italia karibu na mwaka 1286. Lakini kwa muda mrefu mwenye kutaka miwani alijaribu moja baada ya moja katika sanduku la mchuuzi, mpaka akapata ya kumridhisha. Ama mtu aliyepofuka na jicho lake halina kovu wala ukungu, tabibu hakuwa na neno la kumwambia. Watu walisema kwa mzaha juu ya ugonjwa huo kwamba mgonjwa haoni kitu, na tabibu naye haoni kitu.

Kwa nini mboni ni nyeusi? Nuru iingiayo katika jicho hurudi kwa njia ile ile iliyoingilia. Basi atakaye kuchungulia hana budi kuweka kichwa chake katika njia ile, na akifanya hivyo huikinga nuru isiingie. Ni kama mtu achunguliaye ndani ya mtungi wenye shingo nyembamba: akiinama juu yake, kichwa chake mwenyewe huleta giza.

Aliyekifungua kitendawili hiki alikuwa Hermann von Helmholtz, mwalimu wa chuo kikuu cha Königsberg katika nchi ya Prussia. Mwishoni mwa mwaka 1850 alikuwa akitengeneza somo la kuwaonyesha wanafunzi wake jinsi nuru irudivyo kutoka jichoni. Akatwaa karatasi ngumu, vioo vya miwani na vipande vyembamba vya kioo vya hadubini, akaviunganisha kwa gundi. Vipande vile aliviinamisha mbele ya jicho la mtu, na taa akaiweka kando. Nuru ya taa ikapiga kioo, ikageuka, ikaingia jichoni. Na ilipotoka, sehemu yake ikapenya kioo kile kile, ikamfikia yeye aliyekuwa nyuma yake. Hivyo akauona utando wa nyuma wa jicho la mtu aliye hai, uitwao retina, pamoja na mishipa yake ya damu. Katika mwaka 1851 alitoa kitabu kidogo cha kueleza chombo chake.

Habari ile ilienea upesi. Kijana mmoja wa Berlin, Albrecht von Graefe, alikitumia chombo hicho katika hospitali yake ya macho. Wakati ule ugonjwa wa glakoma, ambao wengi wetu huuita presha ya macho, ulikuwa ukipofusha watu bila tiba. Mwaka 1857 Graefe alitangaza kwamba kwa kukata sehemu ndogo ya utando wenye rangi unaoizunguka mboni, aweza kuwaokoa wenye glakoma ya ghafula.

Katika mji wa Utrecht, nchi ya Uholanzi, kazi nyingine ilifanywa. Tabibu Herman Snellen alitoa mwaka 1862 ubao wa herufi unaotumika hata leo. Kipimo chake ni rahisi. Mtu akiandikiwa 6/60, maana yake akisimama mita 6 husoma herufi ile tu ambayo mwenye macho mazima huisoma akiwa mita 60. Kwa wasiojua kusoma iko herufi E iliyogeuzwa huku na huku, na mtu huonyesha kwa mkono vidole vyake vimeelekea wapi.

Ilibaki kupima ugumu wa jicho. Zamani tabibu alilibonyeza kwa vidole, akakisia. Mwaka 1905 Hjalmar Schiøtz wa Norway alitengeneza chombo cha kuwekwa juu ya jicho lililotiwa ganzi, kikatoa hesabu. Mwaka 1911 Allvar Gullstrand wa Sweden alionyesha taa yenye mwanga mwembamba kama upenyo wa mlango, ya kukagua jicho tabaka kwa tabaka.

Basi aendaye leo kupimwa macho hupitishwa katika historia hiyo yote kwa muda mfupi. Atasoma ubao, atajaribiwa vioo, atapimwa presha, ambayo kwa kawaida ni kati ya 10 na 21, pengine atatiwa matone ya kupanua mboni, ndipo tabibu atazame ndani. Matone yale hutia kiwaa kwa saa kadha, kwa hiyo ni vizuri kufuatana na ndugu, wala usirudi kwa baiskeli.

Labda mtu atauliza, “Mimi naona vema, niende kufanya nini?” Glakoma huanza kula pembeni, na jicho moja huficha upungufu wa jingine. Mgonjwa hutambua wakati sehemu kubwa imekwisha potea, na iliyopotea hairudi. Matone au kupasuliwa huweza kuilinda iliyosalia. Kwa hiyo aliyepita miaka 40, mwenye kisukari, na mwenye mzazi au ndugu aliyepofuka kwa glakoma, wasingoje dalili. Walimu nao wamwangalie mtoto ahesabiwaye mzito wa kujifunza, maana pengine haoni ubao.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu wasiopungua milioni 1,000 walikuwa na upungufu wa kuona ambao ungaliweza kuzuiwa, au ambao haujapata tiba. Wengi wao walihitaji miwani tu, au kutolewa mtoto wa jicho. Chombo cha kuchungulia ndani ya jicho kimekwisha kupatikana tangu mwaka 1851; lililobaki ni mtu kwenda mbele yake mapema.