Kenya: Nyumba za paneli za povu hujengwaje, na zinafaa wapi?

Huko Mavoko, kaunti ya Machakos, kusini-mashariki mwa Nairobi, Shirika la Kitaifa la Nyumba la Kenya lina kiwanda kinachotengeneza kuta za nyumba kwa polisitaireni, yaani lile povu gumu jeupe linalokinga televisheni mpya ndani ya katoni. Tangu miaka ya 2010, paneli hizo zimekuwa zikiuzwa kwa wajenzi wa umma na wa binafsi. Kwa wengi waliozoea nyumba za mawe, swali la kwanza ni kama nyumba ya namna hiyo inaweza kusimama.

Inasimama, kwa kuwa povu silo linalobeba nyumba. Paneli moja ni bamba la povu lililobanwa kati ya nyavu mbili za chuma, nazo nyavu zimeunganishwa kwa waya zinazopenya povu. Mafundi huisimamisha juu ya msingi, huifunga kwenye nondo zilizochomoza, huipima kwa timazi, kisha hukata nafasi za milango na madirisha kwa msumeno. Fundi umeme hana haja ya kupasua ukuta: huyeyusha mfereji ndani ya povu kwa hewa moto na kupitisha bomba nyuma ya wavu. Hatimaye mchanganyiko wa saruji na mchanga hurushwa pande zote mbili, na ukuta humwagiliwa maji kwa siku kadhaa ili ukomae bila nyufa. Mzigo hubebwa na chuma pamoja na saruji. Kazi ya povu ni kuhami joto, na huiweza vyema, maana karibu asilimia 98 ya ujazo wake ni hewa. Zege la kawaida hupitisha joto zaidi ya mara 30 kuliko povu hilo.

Asili ya ujenzi wa paneli za namna hii imo katika nchi za baridi. Mwaka 1935, maabara ya serikali ya Marekani ya mazao ya misitu, mjini Madison, Wisconsin, ilijenga nyumba ya majaribio kwa paneli za mbao. Mwaka 1952, msanifu majengo Alden B. Dow alianza kujenga nyumba za paneli zenye povu katikati huko Midland, Michigan. Hadi leo, paneli nyingi za Marekani huvishwa mbao badala ya saruji. Katika nchi zetu zenye mchwa na mvua za masika, vazi la saruji lina busara zaidi.

Kuhusu nishati, inafaa kusema wazi jambo ambalo matangazo ya biashara hulipita haraka. Huko Marekani, paneli hupunguza gharama ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Nchini Kenya, nyumba nyingi hazina kipasha joto wala kiyoyozi, hivyo akiba hiyo haionekani kwenye bili ya umeme. Faida yake ni utulivu wa mwili: jijini Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai huwa na baridi ya kutosha, na ukuta uliohamiwa husaidia. Mombasa hali ni tofauti. Karibu na ikweta, jua la adhuhuri hupiga paa zaidi ya kuta. Mwenye kugharimia kuta za povu akaacha bati tupu bila dari wala kihami ameziba dirisha na kuacha mlango wazi. Msikilizaji wa Bujumbura, penye joto la ziwani, aanze vivyo hivyo na paa.

Zipo pia hatari mbili. Povu hulainika kwenye joto la nyuzi 100 hivi za Selsiasi, na likiungua hutoa moshi mzito mweusi; ni saruji inayolikinga. Kwa hiyo povu lisiachwe tupu popote ndani ya nyumba, hata darini. Pili, nyumba hizi hazina nyufa nyingi za kupitisha upepo. Jiko la mkaa likiingizwa chumbani usiku wa baridi, gesi ya kaboni monoksidi hujikusanya, nayo haina harufu wala rangi. Madirisha yafunguke, na matundu ya hewa yasizibwe.

Gharama hupungua zaidi kwenye maghorofa na miradi ya nyumba nyingi, kwa sababu kuta ni nyepesi na kazi huenda haraka. Kwa nyumba moja ya kawaida kijijini, usafiri unaweza kumaliza nafuu yote: lori hujaa upesi, ilhali sehemu kubwa ya shehena ni hewa. Aidha, mashine ya kurushia saruji na fundi anayeijua havipatikani kila mahali. Huko, mawe au matofali ya jirani huenda yakabaki chaguo bora kwa kuta, na povu likanunuliwa kwa ajili ya paa tu.