Yaliyobaki Ndani ya Kaseti: Historia ya Sehemu Fiche za Michezo ya Game Boy

Kaseti ya mchezo wa video iliyotengenezwa kwa ajili ya Game Boy, mashine ya kushikwa mkononi ambayo kampuni ya Nintendo ilianza kuiuza nchini Japani tarehe 21 Aprili 1989, huhifadhi mambo mengi kuliko yale yanayoonekana kwenye kioo. Ndani ya chipu yake mna sehemu zilizofichwa kwa makusudi, zana ambazo watengenezaji walizitumia kuijaribu kazi yao, na pia picha, sauti na amri ambazo hazikuwahi kutumika hata mara moja tangu kaseti ilipotoka kiwandani. Mambo haya, ambayo kwa miaka mingi yalichukuliwa kuwa burudani ya wachezaji wadadisi, sasa yanasomwa kama ushahidi wa namna michezo hiyo ilivyoundwa, hasa kwa kuwa kampuni nyingi za wakati huo hazikuziweka wazi kumbukumbu zao za kazi.

Msomaji wa Kiserian, mji wa Kaunti ya Kajiado ulio chini ya Vilima vya Ngong, ana mfano wa usomaji wa aina hiyo karibu na kwake. Barabara ya Magadi inayopita mjini humo huteremka hadi Olorgesailie, ambako wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walianza uchimbaji mwanzoni mwa miaka ya 1940 na ambako mashoka ya mawe ya watu wa kale yalikutwa yametapakaa ardhini kwa wingi. Wanaakiolojia wa hapo hawakujifunza kutokana na mashoka yaliyokamilika peke yake, kwa sababu vipande vilivyomeguka wakati wa kuchonga, pamoja na mawe yaliyoanzwa kisha yakaachwa, huonyesha fundi alipiga wapi, kwa mpangilio gani, na wapi alibadili nia. Mabaki yaliyomo ndani ya chipu husomwa kwa mantiki hiyo hiyo, na ili kuyaelewa ni lazima kwanza kueleza kwa nini yalibaki.

Game Boy, iliyobuniwa na kikosi cha Gunpei Yokoi pamoja na mhandisi Satoru Okada, ilikuwa mashine yenye uwezo mdogo. Ilitumia betri nne ndogo, kioo chake kilikuwa na nukta 160 kwa upana na 144 kwa urefu, na kila nukta iliweza kuonyesha mojawapo ya viwango vinne tu vya weusi. Mmoja wa michezo iliyotolewa pamoja nayo, Super Mario Land, ulikuwa wa majukwaa, yaani ule ambao mhusika hukimbia na kuruka kutoka jukwaa moja hadi jingine huku akikwepa maadui na mashimo. Uliongozwa na Okada, muziki wake ukatungwa na Hirokazu Tanaka, na hatimaye uliuza zaidi ya nakala milioni 18. Mchezo huo wote, wenye malimwengu manne ya hatua tatu tatu, ulitoshea katika kilobaiti 64, ukubwa ambao picha moja ya simu ya leo huupita mara nyingi.

Udogo huo ungemfanya mtu adhani kwamba hapakuwa na nafasi ya kuacha kitu kisichohitajika, lakini hali ilikuwa tofauti kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ukubwa wa chipu ulipanda kwa kuzidishwa mara mbili, kutoka kilobaiti 32 hadi 64, kisha 128, 256 na 512, hivyo mchezo uliohitaji kilobaiti 140 ulilazimika kununuliwa chipu ya 256, na nafasi iliyozidi haikumpa mtengenezaji faida yoyote kwa kuisafisha. Ya pili ni kwamba yaliyomo katika chipu hizo yalichapwa kiwandani moja kwa moja kwenye saketi na hayakuweza kurekebishwa baadaye, kwa hiyo kosa lililogunduliwa baada ya uzalishaji liliiachia kampuni uchaguzi wa kuvumilia aibu au kutupa shehena nzima. Katika mazingira hayo, kufuta amri isiyotumika siku chache kabla ya tarehe ya kukabidhi kulikuwa hatari kuliko kuiacha, maana amri moja inapoondolewa nyingine hubadili mahali, na hitilafu mpya yaweza kuzaliwa pale ambapo hakuna tena muda wa kuitafuta. Mabaki mengi ni matokeo ya tahadhari hiyo, wala si ya uvivu.

Wachambuzi wakitaka kuepuka mkanganyiko hawana budi kutenganisha makundi matatu. Kundi la kwanza ni siri, yaani sehemu zilizowekwa ili zigunduliwe. Super Mario Land humruhusu mchezaji aliyeumaliza mara mbili kuchagua hatua ya kuanzia. Super Mario Land 2, uliotoka mwaka 1992, hubadilika na kuwa rahisi zaidi mchezaji akibonyeza kitufe cha Select kwenye ukurasa wa kuchagua kumbukumbu yake. Na Super Mario Bros. Deluxe wa mwaka 1999 humfungulia mwenye kufikisha alama 300,000 mchezo mwingine, ule mwendelezo mgumu wa Super Mario Bros. ambao hapo awali ulitolewa Japani peke yake. Siri za namna hii zilirefusha maisha ya bidhaa, kwa kuwa mtoto aliyenunuliwa kaseti moja kwa mwaka alipata sababu ya kuirudia.

Kundi la pili ni zana za majaribio. Mtengenezaji anayetaka kuikagua hatua ya mwisho hawezi kuucheza mchezo wote tangu mwanzo kila anapobadili jambo dogo, hivyo hujitengenezea njia za mkato. Katika Kirby's Dream Land, mchezo wa mwaka 1992 ulioongozwa na Masahiro Sakurai katika kampuni ya HAL Laboratory, mchezaji akibonyeza kwa pamoja mshale wa chini, Select na B kwenye ukurasa wa jina, hufika mahali pa kurekebisha nguvu na idadi ya maisha ya mhusika na kusikiliza sauti zote za mchezo. Zana za aina hii zina historia ndefu: Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami, alipokuwa akiandaa toleo la nyumbani la Gradius lililotoka mwaka 1986, aliweka mfuatano wa vitufe wa kumpa silaha zote kwa sababu mchezo ulimshinda, na mfuatano huo ukabaki ndani ya bidhaa iliyouzwa na kuenea katika michezo mingine mingi.

Kundi la tatu ndilo mabaki halisi, ambayo hakuna kitufe kinachoyafikia. Humo mna picha za maadui waliokataliwa, nyimbo zisizochezwa, na katika baadhi ya kaseti hata vipande vya msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na binadamu kabla ya kugeuzwa kuwa namba, ambavyo vilinaswa kutoka kwenye kompyuta za ofisini wakati nafasi tupu zilipokuwa zikijazwa. Thamani ya nafasi hizo inaonekana vizuri katika mchezo usio wa majukwaa, Pokémon wa mwaka 1996, ambapo mtayarishaji programu Shigeki Morimoto alimwingiza kiumbe Mew katika baiti zipatazo 300 zilizoachwa wazi baada ya zana za majaribio kuondolewa. Kitendo hicho kilifanyika wakati ambapo mchezo haukupaswa kuguswa tena, na kiumbe huyo ambaye hakukusudiwa kufikiwa na wachezaji wa kawaida akawa mojawapo ya sababu za umaarufu wa mchezo wenyewe.

Mpaka kati ya siri na mabaki ulianza kuzungumzwa kabla ya Game Boy. Warren Robinett, aliyeunda mchezo wa Adventure kwa ajili ya mashine ya Atari mwishoni mwa miaka ya 1970, alilificha jina lake katika chumba kisichoonekana kirahisi, kwa kuwa kampuni hiyo haikuwataja watengenezaji kwenye bidhaa zake. Jina lilipogunduliwa na kijana mmoja wa Marekani, Atari iliamua kuliacha, kwani kutengeneza upya chipu kungegharimu fedha nyingi. Katika kisa hicho kimoja hukutana mambo mawili yanayorudi katika historia yote inayofuata, nayo ni mfanyakazi anayetaka kutambuliwa na gharama inayozuia ufutaji.

Kusoma yaliyofichika kulihitaji zana nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na vifaa kama Game Genie, ambacho kilichomekwa kati ya kaseti na mashine ili kubadili namba chache zilipokuwa zikisomwa. Baadaye zikaja emuleta, yaani programu zinazoifanya kompyuta iige mashine nyingine, na miongoni mwake zilikuwamo zilizomwezesha mtafiti kusimamisha mchezo na kuikagua kumbukumbu yake baiti kwa baiti. Kazi ngumu kuliko zote ilihusu programu ya kuwasha Game Boy yenyewe, yenye baiti 256 tu, ambayo hujifunga mara tu mchezo unapoanza. Ilisomwa mwaka 2003 kwa kuifungua chipu na kuzitazama biti zake kwa hadubini.

Wakenya wengi waliifahamu michezo ya majukwaa kupitia mashine za bei nafuu za kuunganishwa na televisheni, zilizoiga mtambo wa nyumbani wa Nintendo na kuja na kaseti zilizotangaza mamia au maelfu ya michezo. Wingi huo mara nyingi ulikuwa wa jina tu, kwa kuwa orodha ndefu ilitokana na michezo michache iliyobadilishwa namba za mwanzo ili ianzie hatua ya mbele au impe mchezaji maisha zaidi. Waliochapa kaseti hizo bila leseni hawakuwa na nia ya utafiti, lakini waliitumia mbinu ile ile ya mtafiti, ya kubadili baiti moja na kutazama kinachotokea.

Usomaji huu una mipaka yake. Picha ya adui iliyokutwa ndani ya chipu huthibitisha kwamba ilichorwa, lakini haithibitishi kwamba kulikuwa na hatua nzima iliyofutwa, wala haielezi nani aliamua iachwe. Upo pia mpaka wa sheria, kwani Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huzihesabu programu za kompyuta kuwa kazi za fasihi, na kwa hiyo kuwa na kaseti si sawa na kumiliki haki ya kuinakili na kuisambaza. Aidha, pana tofauti kati ya kusoma kilichouzwa kihalali na kutumia faili za ndani za Nintendo zilizovuja mwaka 2020, ambazo ziliongeza maarifa ya wanahistoria lakini kwa njia ambayo wenye kazi hawakuiridhia.

Funzo kubwa kwa Afrika Mashariki linahusu mustakabali wa michezo inayotengenezwa hapa, kuanzia kazi za awali kama The Adventures of Nyangi ya Mkenya Wesley Kirinya hadi michezo ya simu ya leo. Kaseti ilitunza historia yake kwa sababu haikuweza kubadilishwa, ilhali mchezo wa simu hupokea masahihisho kupitia intaneti, na kila toleo jipya hulifuta lililotangulia pamoja na mabaki yake yote. Mtengenezaji wa sasa hawezi kuitegemea bahati iliyowahifadhia watu wa mwaka 1989 rasimu zao. Asipoweka nakala za matoleo ya awali na maelezo ya maamuzi yake, ikiwezekana katika maktaba za vyuo vinavyofundisha utengenezaji wa michezo, watakaokuja kuiandika historia ya michezo ya Kenya watakuwa na majina na tarehe, bila ushahidi wa namna kazi ilivyofanyika.