Baada ya Rufaa Kuandikwa

Jioni moja hapa mtaani Tena, Nairobi, jirani yetu alizidiwa na nimonia akiwa kwenye kliniki ndogo. “Tumempa rufaa,” nesi akamwambia mwanawe. Kijana akashusha pumzi kana kwamba mama amekwishafika, kisha akakumbuka: “Sista, na huko tunakoenda wanajua tunakuja?”

Hakuna aliyekuwa amepiga simu.

Neno rufaa tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni kuinua: kesi huinuliwa hadi mahakama ya juu, mgonjwa hadi hospitali kubwa. Ni neno zuri, ila huishia kwenye uamuzi na karatasi. Habari za barabarani halina. Wahudumu wetu husema “tunamtransfer”, basi. Ningesema usafirishaji, lakini masikioni mwa Mkenya kinachosafirishwa ni mizigo, au maiti kwenda kuzikwa nyumbani. Uhamisho nao tumeuachia walimu na wanasoka. Nachagua uhamishaji wa mgonjwa mahututi, maana hiyo -ji ya mwisho inamdokeza mtendaji: yupo anayehamisha, kitanda hadi kitanda.

Kwa mgonjwa wa mapafu, mtendaji huyo huanza na hesabu. Mtungi wenye lita 680 za oksijeni, mgonjwa akipewa lita 15 kwa dakika, huisha kwa dakika 45. Sasa toka hapa saa kumi na mbili jioni, ushike Manyanja Road, uingie Outering, uikute Jogoo Road imesimama tuli, na Hospitali ya Kenyatta bado iko ng'ambo ya mji. Ndiyo maana hushauriwa kubeba oksijeni maradufu ya makadirio ya safari. Korona nayo ilitufunza kuwafikiria walio ndani ya gari: barakoa ya N95 kwa mhudumu, feni ya kutolea hewa nje, na dereva kutengwa na hewa ya nyuma.

Halafu kuna makabidhiano. Mwaka 2015, hapa Nairobi, majeruhi wa ajali alikaa ndani ya ambulensi takriban saa 18 akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi. Hakupona. Gari lilikuwepo, wahudumu walikuwepo. Kilichokosekana ni kitanda cha kumpokea.

Kwa hiyo ukiambiwa mgonjwa wako amepewa rufaa, usikimbilie kukunja blanketi. Uliza kwanza mtungi una lita ngapi, na daktari gani anamsubiri.