Kaseti Zilizofukiwa Jangwani

Tarehe 26 Aprili 2014 mashine kubwa ya kuchimba ilifukua jalala la mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico, Marekani. Watu walisimama kutazama, vumbi likiwapiga usoni. Hawakutafuta dhahabu. Walitafuta kaseti za michezo ya video zilizofukiwa hapo mwaka 1983, na kweli zikapatikana.

Kisa kilianza Juni 1982. Steven Spielberg alitoa sinema ya "E.T.", inayosimulia habari za kiumbe mdogo wa sayari nyingine aliyeachwa duniani na wenzake, akahifadhiwa na mtoto. Sinema ilijaza majumba. Kampuni ya Atari, iliyokuwa ikitawala biashara ya michezo ya video ya nyumbani, ikanunua haki ya kuigeuza kuwa mchezo. Bei inayotajwa mara nyingi ni zaidi ya dola milioni 20.

Mapatano hayo yalikamilika mwishoni mwa Julai, na wakubwa walitaka mchezo uwe madukani kabla ya Krismasi. Ili kiwanda kipate nafasi ya kutengeneza kaseti, mtunzi wa programu alibakiwa na majuma matano tu, kwa kazi ambayo kwa kawaida ilichukua miezi. Aliyeitwa ni Howard Scott Warshaw, ambaye tayari alikuwa ametunga mchezo uliotokana na sinema nyingine ya Spielberg, "Raiders of the Lost Ark". Alikubali, naye akamaliza kwa wakati.

Kaseti zipatazo milioni 4 zikatengenezwa. Jina la sinema liliwavuta wateja, na zaidi ya milioni 1 zikauzwa. Kisha watoto wakaanza kucheza. Kiumbe alitumbukia shimoni, akapanda, akatumbukia tena. Wenye maduka wakarudisha mali. Mwaka 1983 Atari ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 500, na malori yakaelekea Alamogordo. Mwaka uliofuata Warner, kampuni mama, ikauza biashara yake ya michezo ya nyumbani.

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba hakuna mchezo mbaya kama huo, na kwamba ndio ulioiua Atari. Lawama zikamwangukia Warshaw. Je, ni haki? Jalala lenyewe lilitoa ushahidi. Pamoja na "E.T." zilifukuliwa kaseti nyingi nyingine, hata za "Centipede" na "Missile Command", michezo iliyopendwa sana. Ukweli ni kwamba makampuni yalikuwa yamejaza soko kupita kiasi, na wateja walikuwa wamechoka.

Ndugu msikilizaji, ukimpelekea fundi cherehani kitambaa usiku wa kuamkia Idi, asubuhi ukaona mkono mmoja wa kanzu umepinda, utamlaumu nani? Fundi ana kosa lake: alikubali. Lakini aliyechelewesha kitambaa ni wewe. Warshaw hakupanga yale majuma matano, wala hakuagiza kaseti milioni 4.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Tuongeze kwamba haraka nayo ina mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe hayupo lawama zinapogawanywa. Warshaw alikuwapo Alamogordo siku ile, akitazama kazi yake ikitolewa mavumbini.