Diski mpya, nafasi ile ile: Jinsi ya kupanua sehemu za diski bila kupoteza kumbukumbu

KOMPYUTA ya ofisi huweza kuishi miaka mingi kuliko diski iliyotoka nayo kiwandani. Diski hiyo ikijaa, mwenye nayo, awe mmiliki wa duka la stesheneri mjini Masasi au karani wa chama cha msingi cha ushirika huko Newala, hununua nyingine kubwa zaidi. Fundi hunakili kila kitu kutoka ile ya zamani, mashine huwashwa, na hapo ndipo mshangao huanza: nafasi ni ile ile.

Diski ya gigabaiti 120, ambayo Windows huionyesha kama 111, imebadilishwa kwa ya gigabaiti 480, ambayo ingepaswa kuonekana kama 447. Lakini sehemu ya C bado inasoma 111. Fundi hajaiba, wala muuzaji hajadanganya. Upungufu mdogo, wa 480 kuwa 447, ni suala la hesabu tu: kiwanda huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja, ilhali Windows huhesabu kwa vipeo vya mbili. Gigabaiti 335 zilizobaki zipo, ila hazina mwenyewe. Kunakili diski huhamisha mafaili pamoja na jedwali la mipaka yake, na jedwali hilo lilichorwa kwa kipimo cha diski ndogo.

Sehemu hizo, ambazo mafundi huziita patisheni, ni kama viwanja ndani ya shamba moja. Kupanua C kunamaanisha kusogeza mpaka wake wa kulia ufike kwenye ardhi iliyo tupu. Iwapo ardhi hiyo inapakana na C moja kwa moja, kazi ni ya dakika chache. Chombo cha Windows cha Disk Management kina uwezo huo tangu toleo la Vista la mwaka 2007. Mtumiaji hubofya C kwa kitufe cha kulia cha kipanya, huchagua Extend Volume, na mambo huishia hapo. Data zilizomo hazisogei hata kidogo, kwani kinachoandikwa upya ni mpaka na daftari la mfumo wa mafaili.

Taabu huja pale kiwanja cha jirani kinapokaa katikati. Windows 10 na 11 mara nyingi huweka sehemu ndogo ya urejeshaji, yenye megabaiti mia kadhaa hadi gigabaiti moja hivi, mara tu baada ya C. Sehemu hiyo ikiwepo, Extend Volume hufifia na kukataa kubofywa. Hapo hutumika programu kama GParted, inayopatikana bure tangu mwaka 2004 na ambayo huendeshwa kutoka kwenye flashi bila Windows kuwashwa. Sehemu ya urejeshaji husogezwa hadi mwisho wa diski, kisha C hupanuliwa. Kabla ya hapo urejeshaji huzimwa kwa amri ya reagentc, na huwashwa tena kazi ikiisha, la sivyo Windows huweza kupoteza njia ya kuufikia.

Kusogeza sehemu si sawa na kuipanua, na hapa ndipo tahadhari inapohitajika. Sehemu inaposogezwa, kila baiti iliyomo hunakiliwa mahali papya. Gigabaiti moja husogea upesi. Gigabaiti 100 kwenye diski ya zamani ya kuzunguka zinaweza kuchukua saa nzima au zaidi, na umeme ukikatika katikati, nusu ya mafaili huwa hapa na nusu kule, bila jedwali linaloeleza hali hiyo.

Kwa wakazi wa Masasi na Newala hilo si jambo la nadharia. Kwa miaka mingi mikoa ya Lindi na Mtwara ilitegemea mitambo ya gesi ya Mtwara nje ya gridi ya taifa, na hitilafu ya mtambo iliweza kuacha wilaya kadhaa gizani kwa pamoja. Aidha, tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwa korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, malipo ya mkulima yamefuata kumbukumbu: jina, kilo, daraja na akaunti ya benki. Chama cha msingi kilicho chini ya TANECU upande wa Newala, au MAMCU upande wa Masasi, kikipoteza orodha hiyo katikati ya minada ya Oktoba na Novemba, watakaolala mlangoni ni wakulima wenyewe.

Kwa hiyo kazi hii haifai kufanywa kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS. Asiye na UPS anaweza kuitoa diski, kuiunganisha kwa waya wa USB kwenye kompyuta mpakato yenye betri nzima, na kuendesha GParted humo. Windows izimwe kabisa kwanza, kwa kushikilia kitufe cha Shift wakati wa kuchagua kuzima, maana ikiachwa katika usingizi GParted hukataa kugusa C. Diski iliyofungwa kwa BitLocker hufunguliwa kabla. Kwa diski zenye jedwali la GPT, GParted huenda ikauliza iwapo irekebishe jedwali ili itumie nafasi yote. Jibu ni ndiyo.

Kwa ofisi nyingi ipo njia nyepesi zaidi ambayo mafundi huisahau: kuiacha C kama ilivyo na kufanya nafasi tupu kuwa sehemu mpya ya D, kisha kuhamishia humo nyaraka. Hakuna mpaka wa zamani unaoguswa. Njia hiyo haifai tu pale C yenyewe imebanwa kiasi kwamba Windows haiwezi kujisasisha.

Wanaonunua diski za zaidi ya terabaiti 2 wana kikwazo kingine. Jedwali la zamani la MBR haliwezi kuhesabu zaidi ya hapo, hivyo nafasi ya ziada hubaki haitumiki hadi jedwali ligeuzwe kuwa GPT.

Diski ya zamani isiachwe ndani ya mashine wakati ile mpya inawashwa mara ya kwanza, kwa sababu zote mbili zina utambulisho mmoja na Windows huzichanganya. Ihifadhiwe mahali pakavu mpaka msimu uishe. Baadaye, kabla ya kuuzwa au kupewa mtu, ifutwe kabisa. Majina na akaunti za wakulima bado zimo.